Bango la ndege wa Cousin: kazi ya wachapaji wa Majengo, Dodoma

Kazi niliyowapelekea wachapaji hawa wa Majengo haikuwa ya kawaida, na ni haki yao niliseme hilo kabla sijafika kwenye bei. Mabango mengi yanayochapwa hapa Dodoma ni ya harusi, semina, kampeni, mahubiri na maduka mapya: rangi kali, herufi nene, sura za watu wanaotabasamu. Mimi nilipeleka mchoro wa ndege mdogo wa urefu wa sentimita 13 hivi na uzito wa gramu 15 hivi, mgongo wa hudhurungi yenye ukijani kwa mbali, tumbo jeupe lililochujuka kuelekea manjano. Hana kishungi, hana mkia mrefu, hana koo jekundu. Nikataka achapwe kwenye bango la mita 2 kwa mita 1, na rangi yake ibaki kama ilivyo. Wamefanya hivyo, na wamefanya vizuri. Ndiyo maana naandika kwa urefu, kwa sababu najua walimu wenzangu na watu wa miradi ya mazingira wanahangaika na jambo hilihili.

Ndege mwenyewe ni yule mwimbaji wa Shelisheli ambaye wanasayansi humwita Acrocephalus sechellensis. Kuna miaka ambapo dunia nzima alikuwa amebaki kwenye kisiwa kimoja tu, Cousin, chenye hekta zisizofika 30. Hizo ni ekari 70 na ushei. Kongwa wapo wakulima wanaolima eneo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1968 walipohesabiwa, walikuwa 26.

Nafundisha Biolojia sekondari na ninalea klabu ya mazingira ya shule. Wanafunzi wangu wengi wametoka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, na wamekua wakiamia ndege kwenye mtama na uwele. Wanajua kukaa juu ya dungu tangu alfajiri, wanajua kupiga debe na kurusha teo. Kwelea kwelea wakishuka hushuka kwa mamilioni, na shamba la familia linaweza kwisha kabla jua halijawa kali. Kwa mtoto aliyelelewa hivyo, habari kwamba ndege fulani amepungua ni habari njema. Simlaumu hata kidogo, maana nimeona akina mama wakilia kando ya mtama uliobaki mabua matupu. Lakini nilitaka watoto hao wakutane na upande mwingine wa jambo: ndege ambaye kila mmoja wake ana hesabu yake, anajulikana mama yake ni nani na alizaliwa kwenye kichaka gani. Bango lilikuwa la meza yetu kwenye Nanenane, viwanja vya Nzuguni, na baada ya hapo litundikwe maabara.

Mchoro alichora mwalimu wetu wa sanaa kwa rangi za maji. Sikutaka kuchukua picha ya mtu mtandaoni bila ruhusa, na hata ningetaka, picha nyingi za mtandaoni zikikuzwa kufikia mita hupasuka vipandevipande.

Sasa duka. Ni chumba kimoja kirefu karibu na soko la Majengo. Mbele kuna meza mbili za kompyuta, nyuma kuna mashine ya kuchapia mabango na nyingine ya kukatia stika. Sitawapa jina kwa sababu wenyewe hawajitangazi kwa jina. Ukifika sokoni ulizia kwa dada wa mabango, wauza vitenge watakuonyesha. Dada huyo ndiye mwenye duka na ndiye anayedizaini kazi ngumu. Kuna kijana anayeendesha mashine, na mwingine anayepinda kingo na kugonga pete za chuma.

Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililolitarajia. “Mwalimu, huyu ndege mbona amepauka? Tumwongezee rangi kidogo, vinginevyo watu hawatamwona.” Nimewahi kupeleka kazi kwingine, na huko hawaulizi: wanaongeza tu, unakuta mti umekuwa wa kijani cha soda na udongo wa Dodoma umekuwa mwekundu mithili ya damu. Huyu aliuliza, na nilipomwambia hapana akataka kujua kwa nini. Wateja walikuwa wamesimama nyuma yangu, nami nikamweleza kwa ufupi, lakini alivuta kiti akasema nianze mwanzo.

Nikamwambia kwamba Cousin iligeuzwa shamba la minazi. Msitu wa asili ukafyekwa, vichaka vya chini vikasafishwa ili nazi zikianguka ziokotwe kwa urahisi. Ndege huyu hula wadudu, na karibu wote anawadonoa upande wa chini wa majani. Mnazi hauna majani ya kumlisha. Wakabanwa kwenye kipande kidogo cha vichaka kilichosalia, na hapo ndipo ile hesabu ya 26 ilipotoka. Mwaka huohuo wa 1968 shirika la kimataifa la kulinda ndege, ambalo leo linaitwa BirdLife International, likakinunua kisiwa. Hawakuleta ndege kutoka kwingine, kwa kuwa kwingine hakukuwa na wa kuletwa. Hawakujenga vizimba. Waliondoa miche ya minazi na kuuacha msitu urudi wenyewe, hasa mti uitwao Pisonia grandis wenye majani mapana. Kufikia 1982 ndege walikuwa 320 hivi na kisiwa kimejaa.

Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwetu Kondoa nako mifugo ilitolewa ili ardhi ipumzike. Bibi yangu anasimulia walivyohamisha ng’ombe.” Ni kweli, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vya Irangi vilivyoliwa na mmomonyoko. Yapo ya kubishana kuhusu namna ilivyofanyika, na waliohamishwa walibeba mzigo mzito. Lakini nyasi na miti ilirudi, kila mtu anayepita njia ile ameona. Tangu hapo dada hakuniuliza tena kuhusu kuongeza rangi. Alianza kuuliza maswali ya mtu anayeifanya kazi kama yake.

Nikae kidogo kwenye rangi, kwa sababu hapo ndipo duka hili lilipoonyesha ufundi.

Rangi ya kompyuta ni mwanga na rangi ya bango ni wino, kwa hiyo unachokiona kwenye kioo si lazima ukipate kwenye turubai. Mashine ina wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Hudhurungi yenye ukijani ni miongoni mwa rangi zinazosumbua sana, kwa sababu majenta ikipungua kidogo tu ndege anakuwa wa kijani, ikizidi kidogo anakuwa wa kahawia kabisa, na njano ikizidi tumbo linaonekana kama ana ugonjwa. Kipande cha kwanza cha majaribio kilitoka kijani mno. Ungedhani ni kasuku. Nikasema hapana, naye hakununa. Alikata ukanda mwembamba wa turubai, akachapa kichwa cha ndege mara kadhaa mfululizo, kila kichwa kikiwa na mchanganyiko wake, akaandika namba chini ya kila kimoja kwa kalamu. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mchapaji mwingine akilifanya: alitoka nao nje juani pamoja na mchoro wa asili, akaniita, tukalinganisha kwenye mwanga wa mchana. “Bango litakaa Nzuguni, si chini ya taa yangu,” akasema. Tulichagua kile ambacho ndani ya duka kilionekana kimefifia, na nje kilikuwa sawasawa na mchoro.

Macho nayo yalikuwa na habari yake. Mkubwa wa aina hii ana jicho la hudhurungi yenye wekundu. Kinda lina jicho la kijivu linalobadilika taratibu anavyokua. Watafiti hulitumia jicho kukadiria umri wa ndege mchanga. Kwenye mchoro wetu kuna mkubwa na kinda wakiwa tawi moja, na tofauti hiyo ya jicho ndiyo iliyobeba somo zima. Baada ya kukuzwa, jicho lilikuwa na upana wa shilingi ya sarafu hivi. Kwenye majaribio ya kwanza macho yote mawili yalitoka meusi. Aliyatenga macho peke yake kwenye kompyuta na kuyarekebisha bila kugusa manyoya. Leo ukisimama mbele ya bango unaona mara moja nani mkubwa nani mtoto.

Halafu miguuni. Miguu ya ndege huyu ni ya kijivu chenye ubluu, na juu yake mwalimu wa sanaa alikuwa amechora pete ndogo: moja ya chuma na nyingine za plastiki zenye rangi. Kijana wa mashine alidhani ni alama za kalamu zilizotokea kwa bahati mbaya, akataka kuzifuta. Nashukuru alisema kabla ya kufuta. Pete hizo ndizo roho ya habari yenyewe. Tangu miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Jan Komdeur wa Chuo Kikuu cha Groningen, wamekuwa wakiwavisha ndege wa Cousin pete, kila mmoja mpangilio wake wa rangi, hata karibu kisiwa kizima wanatambulikana mmoja mmoja. Ndiyo maana inajulikana kwamba baadhi yao wameishi hadi miaka 19, umri ambao wanafunzi wangu wengi hawajaufikia. Kijana alipoelewa hivyo alizinoa zile pete kwenye mchoro mpaka rangi zake zikasomeka ukiwa mbali. Hakudai malipo ya ziada.

Upande wa kulia wa bango nilikuwa nimepanga kuweka jedwali la takwimu. Dada akaangalia, akasema jedwali halisomwi na mtu aliyeshika mtoto mkono mmoja na mfuko wa mbegu mkono mwingine. Akapendekeza tuchape ndege 26 wadogo, wote wa ukubwa mmoja, safu kwa safu, na chini yake mwaka 1968 kwa herufi kubwa. Ni wazo lake, na ndilo lililofanya kazi kuliko kitu kingine chochote kwenye bango. Chini yao tuliweka visiwa vitano na miaka yake: Cousin ambako walibaki, Aride walikopelekwa ndege 29 mwaka 1988, Cousine wengine 29 mwaka 1990, Denis 58 mwaka 2004, Frégate 59 mwaka 2011. Sasa ni zaidi ya 2,500, na kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini wameshushwa hadi daraja la walio karibu na kutishiwa.

Kuhusu miaka hiyo nawapa alama nyingine. Hawachapi mpaka usaini karatasi ya mfano. Kwenye karatasi yetu, waliochapa maandishi walikuwa wameandika 1998 badala ya 1988 kwa Aride. Dada mwenyewe ndiye aliyeliona, kwa sababu alikuwa ameshaisoma habari na akaona haiwezekani Aride ije baada ya Cousine halafu iitwe ya kwanza. Ni mara chache mchapaji kusoma anachokichapa. Mabango mengi mjini yana makosa ya herufi kwa sababu hakuna aliyeyasoma, kila mtu ameangalia picha tu.

Ramani ilileta kazi. Ramani ya Shelisheli waliyoipata haikuionyesha Cousin kabisa, kwa kuwa ni kisiwa kidogo mno kati ya visiwa zaidi ya 100 vya nchi ile. Walichora upya sehemu ya Praslin na kuiweka Cousin kando yake, na Cousine jirani. Mwanafunzi mmoja wa klabu alikuwa nami siku hiyo, akauliza kwa nini ndege wasiruke tu kutoka Cousin kwenda Cousine, maana kati ya visiwa hivyo hakufiki kilomita 2. Ni swali zuri kweli. Wana uwezo wa kuruka, lakini hawavuki maji isipokuwa kwa nadra sana. Kisiwa kikijaa wanabanana hukohuko. Ndiyo sababu ilibidi wabebwe na watu. Na ilibidi wabebwe, kwa sababu kuwaacha wote sehemu moja ni hatari: moto mmoja, ugonjwa mmoja, au panya wakishuka kutoka kwenye jahazi, na habari imekwisha. Dada alitaka swali la mwanafunzi liandikwe kwenye bango kama lilivyo, na jibu chini yake. Tuliliandika.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kipande cha chini kushoto, kiota. Kwenye Cousin, jike kwa kawaida hutaga yai moja. Jozi hulinda eneo lake mwaka mzima, na mara nyingi haiko peke yake: mtoto wa msimu uliopita, hasa wa kike, hubaki nyumbani akasaidia kuatamia na kulisha mdogo wake. Komdeur na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kwenye eneo lenye wadudu wengi akina mama huzaa zaidi majike, ambao hubaki kusaidia, na kwenye eneo lenye njaa huzaa zaidi madume, ambao huondoka na kutafuta kwao. Dada alipolisikia hilo aliweka kipanya chini. “Kumbe hesabu ya chakula inaanzia kwenye yai,” akasema. Nikamwongezea jambo ambalo hata mimi hunigusa kila ninapolifundisha: jike aliyezeeka na kuondolewa kwenye nafasi ya kuzaa huweza kubaki katika eneo lilelile na kuwalea wajukuu. Wanafunzi wangu wengi wamelelewa na bibi zao. Nilipowaambia hili darasani, darasa lilitulia kabisa. Kwa hiyo kwenye bango kuna bibi. Amechorwa akiwa na mdudu mdomoni, na pete zake mguuni, na maandishi yanasema yeye ni nani.

Turubai. Wana aina mbili, nyepesi na nzito. Chukua nzito, na chukua isiyong’aa. Ile inayong’aa inapendeza dukani, lakini jua la Agosti likiipiga Nzuguni huoni picha, unaona mwanga mtupu. Nyepesi haifai Dodoma. Upepo wetu wa miezi ya Julai na Agosti unajulikana, nao unakuja na vumbi. Waliipinda kingo zote na kuweka pete za chuma kila nusu mita. Hata hivyo pete moja ya kona ilichanika siku ya pili ya maonyesho. Niliirudisha, wakaikatia kiraka na kuigonga upya bure, na kijana akanifundisha kwamba kamba za pembeni zisikazwe sana. Ziachwe zipumue ili upepo ukija bango lisogee lisichanike. Ningependa waseme hivyo wakati wa kukabidhi. Vumbi linatoka kwa kitambaa chenye maji, na wino haujatoka nalo.

Kuhusu herufi, waliniambia kichwa kiwe na urefu wa sentimita 9 na maelezo yasipungue sentimita 2. Niliona ni makubwa mno, nafasi inaliwa. Nzuguni nilielewa. Mzee mmoja, mkulima wa mtama, alisimama kama hatua tatu kutoka kwenye meza yetu akasoma bango lote bila miwani. Kisha akasogea, akaanza kuwahesabu wale ndege wadogo kwa kidole. Alipofika 26 akaniangalia. “Mwalimu, hawa ndio wote? Dunia nzima?” Nikamjibu ndio, mwaka ule ndio waliokuwa wote. Akatikisa kichwa. “Sisi kwetu hawa hawamalizi hata suke moja.” Halafu akauliza maswali ambayo mwanafunzi wa chuo angejivunia: nani aliwahesabu, walilala wapi, walijuaje kwamba hawakumhesabu mmoja mara mbili, na ule msitu ulirudi kwa miche au kwa visiki? Alikuwa anajua habari ya kisiki hai kutoka kijijini kwao, wanavyochagua machipukizi kwenye kisiki na kuyapogoa mpaka uwe mti. Tulizungumza hadi aliokuja nao wakaja kumchukua. Alimpeleka mjukuu wake akamwonyesha bibi mwenye pete.

Watu wengine walipita, wakaangalia ndege wa rangi ya majani makavu, wakaenda zao kwenye matrekta. Hilo ni sawa. Waliosimama walisimama muda mrefu.

Nisiyoyapenda ni haya. Kazi ilichelewa. Waliahidi siku moja, ikatoka inayofuata jioni, kwa sababu wiki ya kabla ya Nanenane kila taasisi inataka bango na wao hupokea kazi zote. Wangeweka kikomo. Chumba ni chembamba, hakuna pa kukaa isipokuwa ukiachiwa kiti cha mfanyakazi, na harufu ya wino inakera kifua. Mwenye pumu asubiri nje. Simu hawapokei mchana, tuma ujumbe WhatsApp, watajibu jioni. Na kuna jambo la usanifu ambalo ilibidi nilikatae zaidi ya mara moja: kijana wa kompyuta ana mazoea ya kuweka kivuli nyuma ya kila herufi na mawimbi ya rangi kwenye pembe. Kwa harusi inafaa. Kwa bango la elimu inaziba. Mwambie mapema, na mwambie kwa upole, kwa sababu anaweka kwa nia njema.

Bei niliyolipa: shilingi 15,000 kwa mita ya mraba ya turubai nzito, kwa hiyo 30,000 kwa bango, na 25,000 ya usanifu. Vipande vya majaribio hawakunitoza. Nimeona mjini wanaochapa kwa 10,000 kwa mita, na kwa tangazo la siku mbili sioni kosa kwenda huko. Ukitaka rangi ya kiumbe hai iwe rangi yake, hiyo tofauti ni ndogo. Waliniandalia pia nakala ndogo za A3 zilizofunikwa kwa plastiki kwa ajili ya madarasa, 3,000 kila moja, na hizo nazo rangi zimekaa vizuri ingawa pete za miguuni hazisomeki kwa udogo. Risiti ya EFD wanatoa bila kuombwa, jambo muhimu kwa yeyote anayetumia fedha za shule.

Kwa anayepanga kwenda: beba mchoro wa asili, usipeleke picha ya simu ya mchoro. Wana mashine ya kuskani inayotosha A4, na wakiskani kwa ubora wa juu mchoro huo unakuzwa hadi mita bila kupasuka. Andika maandishi yako mwenyewe, yasome kwa sauti, ndipo uyapeleke. Omba majaribio yaonwe nje juani. Nenda asubuhi, wanafungua saa mbili, wakati huo dada mwenyewe yupo na foleni haijawa ndefu. Jumapili hawafungui. Nusu ya malipo ni kabla ya kuanza kazi. Na kama tukio lako linaangukia wiki ya Nanenane au wakati Bunge la bajeti limejaa mjini, jipe nafasi ya wiki nzima.

Klabu imeshaamua bango linalofuata litakuwa la nchi yetu wenyewe: chozi wa Pemba, ambaye hapatikani popote ila huko Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka. Mchoro uko kwao tayari. Dume wake anametameta, na wino wa mashine hauna mng’ao wa chuma, kwa hiyo dada ameomba muda ajaribu kupata mng’ao huo kwa kuweka giza na mwanga kandokando. Likishatoka nitaongeza hapa limekuwaje, pamoja na bei yake.